Sketi ya Makbeth

Najua nimepotea wiki mbili, na wengine mmeshaanza kusema nimekula bumu nikakimbia. Hapana bwana, nilikuwa nashona sketi.

Msicheke kwanza. Darasa letu la fasihi linaigiza Makbeth, ile tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968, na mimi kwa kiherehere changu nikasema nitashona kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti. (Makbeth wa kweli alitawala 1040 hadi 1057, kilti hazijazaliwa. Mwongoza mchezo kasema hataki kusikia.) Tartani halisi ni ya sufu na bei yake siisogelei, kwa hiyo nikachukua shuka mbili za Kimasai, nyekundu za mirabamiraba.

Kosa langu: nilimpima mshkaji pale anapofungia mkanda wa suruali. Kilti inakaa juu zaidi, usawa wa kitovu, na inaishia katikati ya goti. Tukiipandisha kitovuni inapwaya, akipiga hatua tatu iko kwenye miundi. Hosteli nzima ikaangua kicheko.

Usiku nikampigia mama. Mama ni fundi cherehani, sare za shule alizoshona ndizo zilizonisomesha, na miaka yote hiyo sijawahi hata kumtungia uzi kwenye sindano. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Makalio umempima?"

Sijampima.

"Sasa baba, marinda utayagawaje?"

Nikapima upya: kiuno sentimita 80, makalio 100. Nusu inakwenda mbele, pale palipo bapa panapopishana. Nusu ni ya nyuma, marinda 20. Maana yake kila rinda lionekane sentimita 2.5 kwenye makalio, lipungue taratibu hadi 2 kiunoni. Mimi nilikuwa nimeyafanya yote sawasawa juu mpaka chini, ndiyo maana ilikaa kama kapu.

Nikafumua yote. Siku nne, kwa mkono, maana cherehani hosteli hakuna. Ile sehemu niliyounganisha shuka mbili nikaificha ndani ya rinda, hapo nilijisifu sana.

Jana mshkaji kavaa, karuka, kachuchumaa. Haikushuka! Nikapiga picha ya mgongoni nikamtumia mama. Jibu lake: "Rinda la tatu kutoka kushoto limepinda."

Nimeangalia. Limepinda kweli. Onyesho ni Ijumaa, nalifumua usiku huu.