Tulipohesabu Ndege wa Elmenteita

Januari 1994 nilikuwa mwalimu kijana wa jiografia katika shule moja ya upili karibu na Gilgil, na vilevile mlezi wa chama cha wanafunzi wapenda wanyamapori. Vyama vya aina hiyo vilianza nchini Kenya mwaka 1968, na chetu kilikuwa hodari wa kupanda miti na kuandaa michezo ya kuigiza. Ndipo ikatufikia habari kwamba idara ya ndege ya Makavazi ya Taifa, iliyoongozwa siku hizo na Leon Bennun, ilikuwa ikitafuta watu wa kujitolea. Ndege wa maji wa Naivasha, Elmenteita, Nakuru na maziwa jirani walikuwa wahesabiwe wote. Malipo hayakuwapo. Kila mtu ajiletee kofia, maji na chakula cha mchana.

Nilijiandikisha siku hiyo hiyo, nikawachukua na wanafunzi wangu wawili wa kidato cha tatu.

Watu huniuliza kwa nini kazi ile ifanywe Januari, mwezi wa kiangazi na vumbi. Jibu liko mbali na kwetu. Januari, nchi za kaskazini ziko katikati ya majira ya baridi. Matope ya huko yameganda, wadudu hawaonekani, na ndege waliotaga mayai Siberia na Ulaya wamekwisha kuhama. Wengine wametua Ulaya ya kusini, wengine Afrika Magharibi, na wengine hapa kwetu. Mwezi huo huwa wametulia. Safari ya kuja imekwisha na ya kurudi bado. Ukiwahesabu Oktoba utawakuta njiani, na kundi moja linaweza kuandikwa katika nchi mbili. Kwa sababu hiyo Ulaya ilianza hesabu ya pamoja ya Januari mwaka 1967, na nchi za Afrika zikaingia katika mpango huo mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Julai 1993 maziwa haya haya yalikuwa yamehesabiwa pia, na wale waliokuwapo walitueleza tofauti. Julai ufukwe ni wa wenyeji: mwari, heroe, minandi, vibisi, bata wa kwetu. Ukija Januari, ukingo wa maji wote unatembea. Ni vitwitwi wadogo wanaodonoa matope bila kupumzika. Kitwitwi mdogo kuliko wote hao ana uzito wa gramu 25 hivi, na amezaliwa kwenye tundra ya Aktiki. Yuko ndege mwingine wa matope, mkubwa kidogo, ambaye dume lake huota ushungi wa manyoya shingoni wakati wa kuzaana huko kaskazini. Baadhi yao waliovishwa pete miguuni hapa Kenya walikuja kupatikana Siberia. Nilikuwa nimefundisha habari za tundra darasani kwa kuchora ubaoni na kukaririsha. Siku ile niliwaona viumbe waliotoka huko, wakila mbele yangu, umbali wa hatua chache, na somo langu halikuwa lile lile tena.

Jioni ya kuamkia siku ya hesabu tulifunzwa kukadiria. Mama mmoja wa makamo kutoka Nairobi, mzoefu wa yale matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi ambayo Fleur Ng'weno ameyaongoza kwa miaka mingi, alimwaga punje za mahindi mezani na kuzifunika kwa gazeti. Akalifunua kidogo tu, akalifunika tena. "Ngapi?" Mmoja akasema sitini, mwingine mia mbili. Tukazihesabu moja moja. Akamwaga tena, na tena, mpaka macho yakazoea sura ya kumi, kisha sura ya mia. Mtu anayeijua mia kwa macho anaweza kulipima kundi la elfu kwa kulikata vipande vya mia mia, hata kama linasogea. Wanafunzi wangu walishika haraka kuliko sisi watu wazima.

Tuliamka saa kumi alfajiri. Elmenteita iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Januari pale hupenya koti. Ziwa lenyewe ni la magadi, kina chake siku hizo kilikuwa kama mita moja tu, na pembezoni mwake maji yakikauka hubaki ukoko mweupe unaopasuka chini ya kiatu. Ufukwe uligawanywa vipande, kila kikundi na kipande chake, na mipaka ilikuwa vitu vinavyoonekana kwa mbali: jiwe kubwa, mdomo wa mto Kariandusi, ukingo wa shamba la Soysambu, chemchemi za maji moto za Kekopey. Kila kikundi kilikuwa na mtu wa teleskopu, mtu wa darubini ya kawaida na mwandishi. Mwandishi alitumia penseli, maana wino ukilowa umepotea. Askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) alifuatana nasi kwa ajili ya nyati.

Wa kwanza kuhesabiwa walikuwa mwari, na hapo pana sababu ninayoipenda. Mwari weupe wanataga kwenye visiwa vya mawe vya Elmenteita, lakini chakula chao wakati huo hakikuwa humo. Walikwenda kukitafuta Nakuru, ng'ambo ya vilima. Nako hakukuwa na samaki mpaka miaka ya 1950 na 1960, pale watu walipoleta samaki wadogo kutoka Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki wakazaana, na mwari wakaja kwa maelfu. Basi kila siku jua likishapasha ardhi na hewa ya joto ikaanza kupanda, mwari hujizungusha ndani yake bila kupiga mbawa, wanainuka, wanainuka, kisha wanateleza kuelekea Nakuru. Asiyewamaliza kabla ya saa tatu asubuhi amewakosa. Tulihesabu huku tukitazama jua. Walipoanza kunyanyuka, weupe wao ukiwaka dhidi ya kilima, mwandishi wetu aliweka penseli chini na hakuna aliyemkemea.

Heroe walitupa kazi ya mchana kutwa. Wako wa aina mbili, na fomu ilitaka kila aina peke yake. Wakubwa ni weupe zaidi, miguu yao mirefu, na wanakula vidudu vya matopeni. Wadogo wamekolea rangi, mdomo wao mweusi kwa wekundu, nao huchuja mimea midogo mno ya kijani inayostawi katika maji ya magadi. Wakijipanga pamoja mbali ziwani, na hewa ya saa sita inacheza juu ya magadi, macho yanadanganyika. Kwa hiyo watu wawili walipewa kundi lile lile, kila mmoja akakadiria bila kumwambia mwenzake, kisha tukalinganisha. Tofauti ikiwa kubwa, wote wawili walianza upya. Sijaona tena kazi ya hiari inayofanywa kwa ukali wa namna ile.

Karibu na chemchemi tulimkuta mzee akichunga mbuzi. Alisimama akatutazama muda mrefu kabla ya kusalimu.

"Mwalimu, hawa ndege ni wa nani hata mnawaandika?"

Nikamjibu kwamba si wa mtu, mzee, tunataka tu kujua idadi yao. Hakufurahi. Katika jamii nyingi za upande wetu kuhesabu chenye uhai si jambo dogo. Mfugaji hahesabu mifugo kwa sauti, mama hataji idadi ya watoto wake, na Wakikuyu wanapowataja mabinti wa Mumbi, mama wa asili yao, ambao koo zilitokana nao, husema tisa na kujaza, ingawa koo zinajulikana ni kumi. Zaidi ya hapo, mzee yule alikuwa na hofu ya kawaida kabisa: watu wa mjini wakija kijijini na madaftari, baadaye huja na ua wa waya. Nilimheshimu kwa hofu hiyo, na bado naiheshimu. Tuliketi naye, tukamwonyesha fomu, askari akamweleza kwa Kikuyu kwamba hakuna jina la mtu wala nambari ya shamba ndani yake. Yule mama wa Nairobi akampa darubini.

Alitazama kwa kitambo. Kisha akatwambia kuna bata hatujawaona, nyuma ya matete, mahali maji baridi yanapoingia ziwani, kwa sababu ndege hata awe wa magadi lazima apate pa kunywa. Tulikwenda. Walikuwako, bata wa kaskazini wenye mdomo mpana wa kuchujia, wamejaa kidimbwi kizima, wasingeonekana kutoka upande tuliokuwa. Tangu hapo, miaka niliyoshiriki, tulianza kwa kumtafuta mzee kabla ya kutega teleskopu.

Jioni vikundi vyote vilikutana chini ya taa ya karabai. Mratibu alisoma majina ya ndege kutoka juu ya orodha hadi chini, na kila kikundi kikajibu kwa tarakimu. Aliposoma ndege ambaye hakuna aliyemwona, tulitakiwa kusema sifuri, wote, kwa zamu, na sifuri hiyo ikaandikwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza ya nini. Akajibiwa kwamba nafasi tupu kwenye fomu haisemi kitu: huenda ndege hakuwapo, huenda mwandishi alisinzia. Sifuri ni ushahidi kwamba mtu alikwenda, akatazama, akamkosa. Hilo nimelifundisha tangu siku hiyo katika somo lolote lililohusu tarakimu.

Nilichelewa kuelewa tarakimu zetu zilikokwenda. Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu una vigezo vyake, na viwili kati ya hivyo ni vya hesabu tupu: eneo liwe kwa kawaida na ndege wa maji 20,000 au zaidi, au liwe na asilimia moja ya ndege wa jamii fulani wote waliopo. Asiyehesabu hawezi kuthibitisha lolote kati ya hayo. Nakuru iliingia katika orodha hiyo mwaka 1990, Naivasha 1995, Bogoria 2001, Baringo 2002, na Elmenteita yetu 2005. Mwaka 2011 Elmenteita, Nakuru na Bogoria zikawekwa pamoja katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Na ulipozuka mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha magadi kando ya Ziwa Natron, Tanzania, ambako heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana, watetezi wa ndege hao waliingia kwenye mabishano wakiwa na hesabu za miaka mkononi. Kiwanda hakikujengwa.

Hesabu hizo hizo ndizo zilizotuonyesha maziwa yanavyogeuka. Tangu karibu 2010 maji ya Bonde la Ufa yamepanda. Nakuru ilimeza lango lake kuu la mbuga na barabara za ufukweni, chumvi ikapungua, chakula cha heroe kikadhoofika, nao wakahamia kwingine kwa makundi makubwa. Baringo watu wamepoteza nyumba na shule. Anayesema heroe wamekwisha, na anayesema wako tele kama zamani, wote wawili wanapaswa kuonyesha daftari. Heroe ni msafiri. Leo yuko Bogoria, mwezi ujao Natron. Ziwa moja likihesabiwa mwaka mmoja halituambii kitu. Yote yakihesabiwa kwa wakati mmoja, kwa njia ile ile, mwaka baada ya mwaka, tunaujua ukweli.

Mzee wa mbuzi alikwisha kufariki. Mmoja wa wale wanafunzi wangu sasa anaongoza wageni wa ndege kwa riziki yake, na kila Januari anaacha wateja ili ahesabu bure.

Kinachonitia wasiwasi ni upungufu wa watu. Kuna wakati tumekosa mafuta ya gari, na kuna vipande vya ufukwe vilivyobaki bila mtu. Kipande kilichorukwa Januari hii hakiwezi kuhesabiwa Januari ijayo, kwa maana ndege wa mwaka huu watakuwa wamekwenda na habari zao. Vijana wa Gilgil, wa Naivasha, wa Marigat: sensa ya ndege wa maji bado ipo, na bado inategemea wanaojitolea. Uzoefu si sharti, utafundishwa kwa punje za mahindi kama sisi. Waulizeni chama cha Nature Kenya, au askari wa KWS aliye karibu nanyi, kabla mwezi wa Desemba haujaisha. Njooni na kofia, maji na penseli.