Kutoka Tena Hadi Landi kwa Miguu

Ikiwa wikendi inakukuta Tena na watoto wamechoka kutazama kuta, panda matatu ya Barabara ya Jogoo, ushuke Landhies. Jina hilo lisikupite. Landi ni makao ya wafanyakazi wa reli, na ndilo lililozaa pia Landimawe.

Anzia Muthurwa, mtaa waliojengewa watu wa reli. Waambie vijana kwamba mwaka 2010 wapangaji walikwenda Mahakama Kuu kupinga kufukuzwa na kubomolewa nyumba, na mwaka 2013 jaji akaamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Hapo utajua historia ya reli si vyuma peke yake.

Sasa tembea hadi makumbusho ya reli, nyuma ya stesheni. Yalifunguliwa mwaka 1971. Muombe mwongozaji akupeleke kwenye behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall, huko Kima, mwaka 1900. Alikuwa amemvizia simba huyo, usingizi ukamzidi. Watoto watataka kuchungulia dirishani, waache!

Kisha simama kando ya Mount Gelai, namba 5918. Garimoshi hili la mvuke lina uzito wa tani 250 hivi, nayo njia yake ina upana wa mita moja tu. Reli ilifika hapa mwaka 1899, penye kinamasi na maji baridi ya Wamaasai, mji ukafuata. Vaa viatu vya kutembelea, na ubebe maji.