Picha Nne za Kakonko

Ndugu msomaji, ikiwa utajaliwa kupata likizo na nauli ya kutosha, usiimalize yote ufukweni. Nenda Kigoma, ulitazame Ziwa Tanganyika mpaka macho yatosheke, kisha ulipe kisogo upande basi la kwenda nyanda za juu. Utapita Kasulu, utavuka Mto Malagarasi, utapita Kibondo, na kabla barabara haijafika njia panda ya Nyakanazi utashuka Kakonko.

Hii ni nchi ya Waha. Vilima vyake vimekaa kama migongo ya ng'ombe waliolala, kimoja nyuma ya kingine. Migomba imezizunguka nyumba, maharage na mahindi yamepandwa mitelemkoni, na mihogo imeanikwa kando ya njia. Upande wa magharibi ni mpaka wa Burundi. Upande wa mashariki nchi hushuka polepole kuelekea mabwawa ya Moyowosi. Nyumba nyingi zimepangana kandokando ya barabara, nawe usidhani kuwa ni bahati tu. Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972, ndiyo iliyowatoa watu vilimani walikokuwa wametawanyika, ikawaweka pamoja vijijini. Kwa miaka mingi Kakonko ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo. Ilipata kuwa wilaya kamili mwaka 2012.

Lakini sikukualika huku kwa ajili ya vilima peke yake. Twende pamoja karibu na stendi, kwa mpiga picha mmoja, mtu mzima, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa aliniomba nisimtaje. Ndani ya chumba chake kuna kiti kimoja, pazia la buluu, na juu ya rafu kuna kamera yenye macho manne. Kamera hiyo ni nzima kabisa. Ukibonyeza, utasikia ikilia. Hata hivyo haijapiga picha kwa miaka kadhaa, kwa sababu filamu yake haitengenezwi tena kiwandani.

Huenda wewe mwenyewe uliwahi kukaa mbele ya kamera ya namna hiyo, popote ulipokuwa, ukihitaji picha za pasipoti za papo kwa papo. Macho yake manne yalitoa nyuso nne zilizofanana juu ya karatasi moja. Mkanda wa kawaida wa picha 36 ulikuwa na safari ndefu: ulikaa kamerani siku nyingi ukingoja kujaa, kisha ukapelekwa mji wa mbali kusafishwa, ndipo picha zikarudi. Filamu hii ya papo kwa papo haikutaka chumba cha giza wala safari. Ilikuwa karatasi mbili zilizofungwa pamoja, moja ya kupokea mwanga na nyingine ya kupokea picha. Mpiga picha alipoivuta kutoka kamerani, vyuma viwili vya mviringo viliikamua dawa ikaenea kati ya karatasi hizo. Baada ya dakika moja au mbili alizibandua: moja ikawa picha, nyingine ikatupwa ikiwa bado inanata dawa, na watoto wakakemewa wasiiguse.

Dawa hiyo haikupenda baridi. Asubuhi za Juni na Julai, ukungu unapokaa juu ya migomba ya Kakonko, picha ilikataa kuiva upesi na rangi zake zikapwaya. "Niliitia kwapani, mwanangu," mzee aliniambia, akinionyesha kwa mkono. "Mteja anahesabu, nami nimeibana kama kifaranga." Akacheka. Kisha akanieleza hesabu aliyozoea kuwatania vijana waliokuja kupigwa picha: mbili za fomu, ya tatu ya mama, ya nne ya mchumba.

Fikiri, msomaji, jambo hilo lilikuwa na maana gani mahali kama hapa. Kijana ameitwa shule ya mbali na fomu inatakiwa kesho. Mtu amepata kazi Mwanza na basi linaondoka alfajiri. Isitoshe, Kakonko ni njia ya watu wanaokimbia vita. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mnamo Oktoba 1993, maelfu ya wakimbizi walivuka kuingia nyanda hizi; na katika wimbi jingine lililoanza mwaka 2015, kambi ya Mtendeli, iliyomo wilayani humu, ilifunguliwa tena mwaka 2016, ikafungwa mwaka 2021. Palipo na watu waliotawanyika, uso uliochapwa kwenye karatasi si pambo. Ni njia ya kuulizia ndugu.

Filamu hii ilikuwa na wazazi wa mbali. Mmarekani Edwin Land ndiye aliyeonyesha hadharani picha ya papo kwa papo tarehe 21 Februari 1947, mjini New York, na kampuni yake, Polaroid, ikaisambaza duniani. Mwezi wa Februari 2008 Polaroid ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza filamu. Wapiga picha wakahamia kwa Fujifilm ya Japani, ambayo ilikuwa ikitengeneza filamu ya kubandua inayoingia katika kamera zilezile, karatasi 10 kwa kila pakiti. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba ile ya rangi nyeusi na nyeupe, FP-3000B, imefika mwisho. Februari 2016 ikafuata ile ya rangi, FP-100C, iliyokuwa ya mwisho wa ukoo huo.

Wapenzi wa filamu hizo Ulaya na Marekani walilalamika, wakaandika barua, wakanunua akiba. Walioinunua mitambo ya mwisho ya Polaroid nchini Uholanzi waliokoa filamu ya aina nyingine, ile isiyobanduliwa. Baadaye mjini Vienna walijitokeza watu wa kutengeneza filamu ya kubandua kwa mikono, karatasi moja kwa pakiti, kwa bei ambayo mtu wa Kakonko hawezi hata kuiulizia. Huku kwetu hapakuwa na tangazo. Mzee alitambua kwa njia ya muuza duka: kwanza bei ilipanda, halafu pakiti zikaja zilizopitwa na tarehe, mwishowe akaambiwa, "Hakuna, na hazitakuja."

Tusimlaumu mtu bure. Kamera za kompyuta zilikuwa zimekwisha kuingia, na mtambo mkubwa wa kiwanda haugeuki kwa ajili ya wateja wachache. Hata Serikali ilianza kutupiga picha yenyewe: mwaka 2015 wapiga kura waliandikishwa kwa mashine za BVR, zenye kamera na kifaa cha alama za vidole. Mzee naye alinunua kamera ya kompyuta na mashine ndogo ya kuchapa, na maisha yakaendelea. Kilichobaki kinamsumbua ni jambo moja: karatasi ile aliyokuwa akiitupa.

Maana picha ya mkanda ina mama yake, negativu, na mama akiwepo mtoto aweza kuzaliwa tena. Picha hizi nne hazikuwa na mama. Zikipotea, zimepotea.

Katika mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mashine ya studio moja ilitoa picha nne kama hii ya Kakonko, lakini wateja wengi hawakuhitaji nne. Kwa hiyo mwenye studio alimpiga mteja picha moja kubwa, akakata kipande cha uso, akampa, na kilichosalia kikabaki studioni. Mpiga picha wa Kiitalia, Martina Bacigalupo, alivikusanya vipande hivyo, na kitabu chake kikatoka mwaka 2013: watu wamekaa kitini, mikono magotini, wamevaa nguo zao nzuri, na mahali pa uso pana tundu la mraba. Wengi wao walikuwa wamepitia vita. Nyuso zao zilikwenda na fomu.

Kakonko nako nyuso zilikwenda na fomu. Mzee alinisimulia habari ya mama mmoja aliyekuja kutoka upande wa Muhange, karibu na mpaka. Mwanawe alipigwa picha hapo zamani, na picha zote nne zikatumika: mbili shuleni, moja kazini, na ile ya mama ikaombwa kwa fomu nyingine. Kijana aliahidi kwamba angepiga nyingine. Akafariki kabla hajapiga. Mama akapanda gari kuja kumwambia mzee, "Baba, nitolee tena ile ya mwanangu." Ilimlazimu mzee amweleze kwamba hana kitu cha kutolea.

Mama hakubishana. Alirudi nyumbani, akapekua, na baada ya wiki mbili akaja na kitambulisho cha shule kilichochakaa. Picha ilikuwa bado imebandikwa, na muhuri wa bluu umepita juu ya kidevu. Mzee akakiweka mlangoni penye kivuli, akakipiga kwa kamera yake mpya, akaikuza picha. Alitaka kuufuta muhuri kwa kompyuta. Mama akamzuia: "Uache. Ndio unaoonyesha kwamba alisoma." Picha ikachapwa pamoja na muhuri wake.

Basi, ndugu msomaji wa mjini, jioni ya leo fungua sanduku, kabati, au bahasha ile iliyo chini ya godoro. Miongoni mwa picha zako hapana budi zimo ndogo zilizokatwa mraba, zisizo na negativu popote duniani. Ziondoe penye jua, unyevu na moshi. Zipige upya kwa kamera au kwa simu, kivulini, mchana, bila kuwasha taa ya kamera, kisha umpelekee nakala ndugu anayekaa mbali, ili moto au mafuriko ya nyumba moja yasimalize ukoo mzima. Nyuma ya kila picha andika taratibu kwa kalamu ya risasi jina, mahali na mwaka, ukiwauliza wazee wangali hai. Na kijana akienda kupigwa picha kwa ajili ya fomu yoyote, alipie moja zaidi. Mzee wa Kakonko bado huwaambia hivyo wateja wake, ingawa mashine yake mpya inaweza kutoa hata mia: ya mama isiingie katika fomu.