Nilipozima fidla ya kwanza

Niwieni radhi kwa kimya kirefu. Leo mada ni muziki, lakini vumilieni, kompyuta imo.

Hapa Pumwani fidla si kitu kigeni. Nimekua nikiisikia kwenye taarab za harusi kule Majengo, ambako fidla zote hushika wimbo mmoja na kumsindikiza mwimbaji. Kwa hivyo nilipoanza kusikiliza kwarteti, yaani fidla mbili, viola na selo, nilichanganyikiwa. Huyu anasema hivi, yule vile. Nani wa kufuatwa?

Nikafanya kama tunavyofanya na programu iliyoandikwa na mtu mwingine: zima kipande kimoja kimoja uone kinachoharibika. Faili ya MIDI haibebi sauti. Hubeba maagizo tu: noti gani, lini, kwa nguvu kiasi gani, na kila ala inaweza kuwa na njia yake. Skripti fupi ya Python ikatosha kunyamazisha njia ninayotaka.

Nilianza na kazi za mwanzo za Joseph Haydn. Miaka ya 1750 alialikwa nyumbani kwa Baron Fürnberg, nchini Austria, na sababu ya kutunga kwa ala nne ilikuwa ya kawaida kabisa: wapigaji waliokuwepo walikuwa wanne! Nilipozima fidla ya kwanza, kilichobaki karibu chote kilikuwa pum-pum-pum. Nilipozima selo, wimbo uliendelea bila wasiwasi.

Kisha nikapakia kwarteti ya pili katika zile sita za Opus 20, za mwaka 1772. Nikazima selo. Wimbo ukatoweka tangu mwanzo! Kumbe selo ndiyo inayofungua, na fidla ya kwanza inangoja zamu. Tatu kati ya hizo sita humalizika kwa fuga: sauti moja inatangulia, nyingine inaingia na wazo lile lile, mpaka wote wanne wanasema. Mozart aliufuata mkondo huo katika kwarteti sita alizomtunukia Haydn mwaka 1785, na mwaka 1806 Beethoven naye akaifungua moja kwa wimbo wa selo.

Hapo nikafunga kompyuta, maana nilikumbuka jambo.

Zamani kidogo tulikuwa wanne katika chumba kimoja karibu na Digo Road, tukitengeneza programu ya hesabu kwa wauza mitumba wa Gikomba. Kila kilichoonekana kwenye skrini nilikiandika mimi. Wateja nilikutana nao mimi. Mwenzetu wa hifadhidata nilimwita "bwana wa chini", na nilidhani ni mzaha. Alitaka tuhifadhi nakala kwenye simu ya mteja stima ikipotea. Sikumwacha amalize. Akaondoka. Wiki chache baadaye stima ilipotea, na mauzo ya siku mbili ya mama mmoja yakapotea nayo. Nilipopekua msimbo nikakuta nusu ya kazi ile alikuwa ameshaiandika, kimya kimya.

Juzi nilimtumia ile Opus 20, fidla ya kwanza ikiwa imezimwa, bila maelezo. Akajibu: "Kwani wa chini ndiye anaanza?"

Nikampigia. Tuliongea saa nzima.

Skripti nitaiweka hapa nikishaisafisha. Kwa sasa inakwama faili ikiwa na njia moja tu.