Barua ya Korogwe

Dada yangu alimaliza kidato cha sita mwaka 1991, kombi ya PCB, katika shule ya bweni ya serikali mbali na kwetu Muheza. Matokeo yalimkuta Makutupora, Dodoma, akiwa kuruta wa JKT, maana enzi hizo mwaka mmoja wa jeshi ulikuwa wa lazima kwa kila aliyehitimu kidato cha sita. Biolojia C, Kemia D, Fizikia S. Prinsipo mbili alikuwa nazo, kwa hiyo chuo kikuu aliruhusiwa kuomba. Ila yeye alitaka udaktari, na shahada ya udaktari ilifundishwa mahali pamoja tu nchi nzima, Muhimbili. Vyuo vya Moshi na Mikocheni vilikuja mwishoni mwa miaka ya tisini. Nafasi za Muhimbili ziligombaniwa na vijana wa Tanzania yote, na mwenye S ya Fizikia hakuwa na lake pale.

Aliporudi nyumbani katikati ya 1992, mweusi kwa jua, amekonda, mwendo wake bado wa kijeshi, alikuta barua ikimsubiri. Amechaguliwa kujiunga na Chuo cha Ualimu Korogwe, stashahada. Kijana wa leo hawezi kujua uzito wa barua ile. Aliyemaliza ualimu wakati huo hakuzunguka na bahasha kutafuta kazi, alipangiwa shule akaenda. Na Korogwe ni pua na mdomo na Muheza. Baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na mkonge ulishaanguka bei miaka mingi, mshahara unakuja ukichelewa, mwingine hauji kabisa. Mama aliuza machungwa stendi. Mimi nilikuwa darasa la saba, nasubiri kujua kama nitachaguliwa kwenda sekondari, na nikichaguliwa karo itatoka wapi.

Dada akasema anataka kurisiti.

Kikao kilifanyika ukumbini kwetu baada ya magharibi. Nilikaa mlangoni, nimepewa kazi ya kuangalia karabai, kwa hiyo nilisikia kila neno. Mjomba alikuja kutoka Tanga kwa ajili hiyo tu. Yeye ndiye aliyeanza, na alianza kwa upole.

"Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Mtihani ni ule ule, na kichwa ni kile kile. Kitu gani kitabadilika?"

Nilitarajia dada alie, au aseme ana hakika safari hii atafaulu. Hakufanya hivyo. Alifungua daftari kubwa la kaunta buku na kumwekea mjomba mbele. Alikuwa ameandika mada zote za Fizikia za kidato cha tano na cha sita, na kando ya kila mada ameweka alama: iliyofundishwa darasani, aliyojisomea mwenyewe kwenye kitabu cha Nelkon, na ambayo hakuigusa. Mwalimu wao wa Fizikia aliondoka wakiwa kidato cha tano, na mwingine hakuletwa mpaka mtihani unakaribia. Majaribio ya maabara waliyaona ubaoni, yamechorwa kwa chaki. Kwenye chumba cha mtihani ndipo alipoushika waya wa daraja la mita kwa mara ya kwanza.

"Mjomba, Fizikia sikufundishwa," alisema.

Mjomba alilitazama lile daftari kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo naliona ndilo lililokuwa la maana kuliko yote usiku ule: "Na hapa Muheza atakufundisha nani?"

Jibu alikuwa nalo. Kabla hajamwambia mtu yeyote nyumbani, alikwenda kwenye sekondari ya wazazi iliyokuwa karibu nasi. Shule za namna hiyo zilikuwa zinachipuka kila wilaya, na walimu hawakutosha, hivyo zilichukua vijana waliomaliza kidato cha sita. Hii ilihitaji mtu wa Biolojia kwa kidato cha kwanza na cha pili. Pale palikuwa na mwalimu mzee, mstaafu wa serikali, aliyefundisha Fizikia na Kemia, na maabara ndogo. Dada alimwambia mkuu wa shule: nitafundisha kwa mshahara mtakaonipa, ila Jumamosi nipewe ufunguo wa maabara, na mwalimu akubali kunisimamia. Walikubaliana.

Mama aliuliza, "Ukikosa tena, mwanangu?"

"Nitaomba ualimu mwakani, mama. Siwadai jibu la ndiyo, naweza kukosa hata huo. Nalijua."

Baba hakuwa amesema kitu. Alipofungua mdomo aliuliza siku ya mwisho ya kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ada ni kiasi gani. Ada ikatoka kwenye upatu wa mama. Barua ya Korogwe ilipita tarehe yake ya kuripoti ikiwa juu ya kabati.

Jumamosi nilimfuata kazini. Bomba la shule lilikuwa halitoi maji, na maji yaliyokenekwa hayakuwapo, kwa hiyo tulikinga ya mvua kwenye ndoo safi chini ya bati, tukayachuja. Kazi yangu ilikuwa kushika karatasi nyeupe chini ya chupa wakati yeye anafungua bureti tone kwa tone. Rangi ya waridi inatokea, anatikisa chupa, inapotea. Tone jingine, inatokea, inapotea. Mwalimu mzee amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, haongei. Halafu tone moja linadondoka na ile rangi inabaki, hafifu sana, na dada anainama mpaka jicho linakuwa sawa na mstari wa bureti ndipo anasoma namba. Akisoma amesimama wima, mzee anamwambia amwage, aanze upya. Niliona akimwaga mara nyingi.

Kufundisha nako kulimnoa. Alisema wanafunzi wa kidato cha kwanza wanauliza maswali ambayo kitabu cha Biolojia cha Roberts hakina majibu yake, na usiku alikuwa anarudi kutafuta. Mshahara ulipopatikana ulininunulia sare, maana nilichaguliwa.

Tangu hapo nimeona wazazi wengi, na mimi mwenyewe nimekuwa mmoja wao, wakimsukuma mtoto arudie kwa sababu ya aibu ya majirani, au wakimkataza kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto anarudishwa kwenye madaftari yale yale, peke yake chumbani, mwaka mzima, na hakuna aliyekaa naye kuuliza alama zilipotelea wapi. Linaniuma sana hilo. Mwaka wa kijana ni mali, na mtu ana haki ya kujua unamnunulia nini.

Alifanya mtihani mwaka 1993, masomo yote matatu. Biolojia C, Kemia C, Fizikia D. Muhimbili hawakumwita. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilimwita, udaktari wa mifugo. Mjomba, yule yule wa msala upitao, ndiye aliyetoa nauli na kumnunulia tranka.

Dada sasa amestaafu, baada ya miaka mingi ya majosho na chanjo za ng'ombe huko Handeni na Kilindi. Majuzi, binti yangu alipokuwa anapima kama arudie au asirudie, nilimpigia simu dada nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: kwa nini hakujaribu mara ya tatu, ili aipate Muhimbili aliyoitaka?

"Mara ya pili nilikuwa na mwalimu na maabara ambavyo mara ya kwanza sikuwa navyo," alisema. "Mzee wa watu alishanipa yote aliyokuwa nayo, na mimi nilishasoma mpaka mwisho wangu. Ningerudi kufanya nini? Mpe simu huyo binti, nimuulize Kemia alifundishwa na nani."