Baiskeli ya Kwenda Msambweni

Mwaka 1995 nilikuwa na miaka 19 na pesa za baiskeli moja. Nilikaa Likoni, nyanya alikuwa Msambweni, kama kilomita 50 kwa barabara ya Lunga Lunga. Nilitaka baiskeli ya kila kazi: ya kuvuka nayo feri alfajiri kwenda kibaruani, na ya kumpelekea nyanya unga na sukari kila mwisho wa mwezi.

Moyo wangu ulikuwa kwa baiskeli moja nyekundu ya gia, mtumba kutoka Ulaya. Nikamwita mjomba aje aitazame. Yeye alichuuza samaki kwa baiskeli tangu sijazaliwa. Gia hakuzigusa. Aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha taratibu, akahesabu spoki kwa kidole. Thelathini na sita.

"Njoo kwangu, mwanangu."

Baiskeli yake, blaki mamba nyeusi, ilikuwa chini ya mkungu. Mbele spoki 32, nyuma 40. "Mzigo unakaa nyuma," akasema. "Waliounda hii walijua." Akanionyesha keria ya nondo, na stendi ya miguu miwili iliyoisimamisha wima hata ikiwa na tenga la samaki. Cheni ilikuwa nyeusi kwa oili. Upepo wa bahari hula chuma, na kila Ijumaa aliifuta kwa kitambaa.

"Na breki, mjomba?"

"Breki ndiyo aibu yake. Rimu ya chuma ikilowa, mpira unateleza. Ukifika mteremko wa Mwachema na mvua inanyesha, shuka ukokote."

Nilimpenda kwa kutoificha ila hiyo. Nikauliza kuhusu gia. Akajibu kwa swali: "Ikikuharibikia njiani, Gazi, nani ataitengeneza?"

Nikanunua blaki mamba. Safari ya kwanza, nikiwa nimeshapita Ukunda, pini inayoshika mkono wa pedeli ikalegea, mguu ukawa unakanyaga hewa. Nikakokota mpaka Gazi na mzigo wangu. Palikuwa na fundi mtu mzima chini ya mwembe. Hakuniuliza baiskeli ya aina gani. Akamimina kopo la Kimbo lenye pini juu ya gunia, akachagua moja, akaitia tupa kidogo, akaigonga nyundo mara tatu. Maghribi ilinikuta Msambweni, nyanya akipokea unga wake.

Nilikaa na baiskeli ile miaka 11. Spoki za nyuma zilizokatika ni tatu.