Sikio Langu na Kazi ya Roy Thomas Baker

Utotoni kwetu Unguja, bendi ya Queen ilikuwa Freddie Mercury, basi. Alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, akaondoka na wazazi wake 1964, na sifa zote za wimbo wao "Bohemian Rhapsody" tulimpa yeye. Kuna jina jingine lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye jalada la santuri, la prodyuza Roy Thomas Baker, ambalo hatukujisumbua kulisoma.

Sikio langu lilianza kugeuka nilipopata kazi ya mitambo studio, Dar es Salaam. Tulirekodi bendi nzima kwa mkupuo mmoja. Mpiga tumba akiteleza mwishoni, wote wanaanza upya. Ukishahangaika na waimbaji wanne ili sauti zao zisikanyagane, husikilizi tena wimbo kama zamani. Nikawa najiuliza: Queen ni watu wanne, ile kwaya ya katikati ya "Bohemian Rhapsody" imetoka wapi?

Imetoka kwenye utepe na subira. Mwaka 1975 Baker alikuwa na mashine ya kurekodia ya njia 24, yaani nafasi 24 za sauti kwenye utepe mmoja. Freddie, Brian May na Roger Taylor waliimba kipande, wakakirudia, wakapandisha sauti nyingine juu yake. Njia zikijaa, zinakusanywa kwenye chache, kazi inaendelea. Utepe ulipitishwa mashineni hadi ukalika, mwanga ukawa unapenya. Freddie alizidi kuja na nyongeza za sehemu ile ya katikati, ya mtindo wa opera, na Baker alizidi kuunga utepe. Prodyuza mwingine angesema yatosha. Wimbo ulifika karibu dakika sita.

Subira hiyo ilikuwa na mizizi. Baker alianza kazi Decca akiwa kijana, akahamia studio za Trident, London. Huko Queen walirekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza, ya 1973, katika saa ambazo studio haikuwa na mteja. Hadi 1975 walikuwa wameshajua mitambo kiasi kwamba albamu iliyofuata baada ya wimbo ule, ya 1976, waliisimamia wenyewe.

Kwangu mimi, kipimo chake kikubwa ni 1978, alipowashika The Cars, bendi ya Boston. Nyimbo zao zilikuwa fupi na kavu. Baker aliwapa zile sauti za kurundikwa, lakini mahali pachache tu, kisha akaacha nafasi wazi. Yule mtu wa kujaza utepe alijua pia kuuacha mtupu. Mwaka huohuo alirudi kwa Queen kutengeneza albamu ya Jazz.

Alifariki Aprili 2025. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshahamia kwenye kompyuta, ambako njia hazina mwisho na hakuna utepe wa kulika. Zamani mashine ndiyo iliyotukataza. Sasa kukataza ni kazi yangu. Kijana akiniomba njia ya mia, namwambia kwanza anioneshe ile ya kumi inafanya nini.